Usiitupe raba ya zamani kabla hujaiosha

Raba ya mlango wa kushoto wa Volkswagen Beetle ya baba, yaani ule mpira unaozunguka mlango kuzuia maji na upepo, niliiua mwenyewe. Gari ni la 1967, na raba ile ilikuwa bado iko palepale walipoibandika kiwandani. Ilikuwa na vumbi, ngumu kidogo, na weupe kama majivu juu yake. Nikachovya kitambaa kwenye petroli nikaisugua. Ikatoka nyeusi ya kupendeza, nikafurahi. Kufika jioni ilikuwa imevimba, na nilipoirudisha kwenye mlango ikazidi kwa upana wa vidole vinne. Wiki mbili baadaye petroli ilikuwa imekauka yote na raba imesinyaa, sasa fupi kuliko mwanzo, nyufa mwili mzima. Nikanunua mpya. Ile mpya ni nene mno kwenye kona ya bawaba, na mpaka leo mlango wa kushoto nausukuma kwa nyonga. Wa kulia, ambao raba yake niliiosha kwa maji na sabuni tu, naufunga kwa vidole viwili nikiacha kioo wazi kidogo.

Tangu hapo nimeshafanya raba za magari saba, yangu na ya marafiki, na ninaloamini ni hili: raba ya asili ikiwa bado ina uhai hukaa vizuri kuliko nyingi zinazotengenezwa upya leo. Umbo lake lilitoka kwenye kalibu ya gari lile, na kwa miaka yote imejifinyanga kufuata mlango wake, pamoja na kasoro za mlango huo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ipi iko hai.

Ibinye kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha iachie. Ikirudi, hata polepole, ina matumaini. Ikibaki imebonyea, imechoka lakini huenda ikasaidiwa. Sasa chukua sehemu iliyofichika, ile iliyo chini karibu na kizingiti, uikunje taratibu hadi ifanane na herufi U. Nyufa zikitokea juu juu tu, kama ngozi iliyokauka, endelea. Zikifunguka hadi ukaona ndani, au kipande kikakatika kwa mlio mdogo, hiyo imekwisha. Na ukiigusa ikanata vidoleni kama lami juani, usipoteze muda wako. Huo mnato si uchafu, ni mpira wenyewe umevunjikavunjika ndani na hakuna dawa ya kuurudisha. Poda itauficha kwa siku tatu tu.

Ukielewa kwa nini raba huzeeka hutahitaji kukariri orodha ya marufuku. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira wa mti ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto huacha kunata na huanza kunyumbuka. Salfa hujenga vidaraja kati ya nyuzi za mpira. Shida ni kwamba joto la miaka mingi huendelea kuongeza vifungo, na vikizidi nyuzi hushindwa kusogea, raba ikawa ngumu kama ubao. Wakati huohuo hewa ya ozoni hukata nyuzi za juu, hasa pale raba ilipovutwa au kupindwa. Ndiyo maana nyufa huanzia kwenye kona za mlango. Na mafuta ya petroli huingia ndani ya mpira wa asili na kuuvimbisha, halafu yakitoka huondoka na vilainishi vilivyowekwa kiwandani. Mlango wangu wa kushoto ulikumbwa na hilo la mwisho.

Magari ya karibuni zaidi yana raba za EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Hizi zinastahimili jua na ozoni vizuri sana, lakini mafuta ya petroli huzivimbisha vilevile. Neoprini, iliyogunduliwa katika maabara za DuPont mwaka 1930, hustahimili kiasi pande zote mbili. Raba za nitrili ndizo huvumilia mafuta, ila hazipendi ozoni. Kama hujui yako ni ipi, kata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kutoka ncha iliyofichika, kipime kwa rula, kitie tone la mafuta ya injini, ukiache hadi kesho kisha upime tena. Kikiongezeka ukubwa, raba yako na mafuta ni maadui.

Kabla hatujashika brashi, kuna raba ambazo sikubali kuziokoa hata ukinisihi. Raba za ndani ya masta silinda na silinda za breki za magurudumu: weka mpya, na wakati wa kufunga zipakwe mafuta ya breki yenyewe, kamwe si grisi ya kawaida, kwa sababu grisi ya madini huzivimbisha na breki zikang'ang'ania. Mipira ya kupitishia petroli: mpya. Gasketi za injini nazo ni hivyohivyo. Kwenye Beetle, zile za koki chini ya vifuniko vya vali na zile mbili nyembamba za karatasi kwenye bamba la kuchujia oili hubadilishwa kila zinapofunguliwa. Bamba hilo lina nati sita ndogo, na nguvu ya kuzikaza ni newtoni mita 7 tu. Wengi hukaza wakidhani wanazuia uvujaji, kumbe wanapinda bamba na kuharibu nyuzi za skrubu. Tunazoziokoa ni za mwili wa gari: milango, vioo, boneti, buti, taa, na ule mpira unaozunguka injini ambao nitaufikia.

Kuitoa

Piga picha kwanza. Kila kona, kila mahali ncha mbili zinapokutana, na upande upi mdomo wa raba umeelekea. Nimewahi kukaa nusu siku na raba ya boneti mkononi nikiigeuza huku na huku kwa sababu sikupiga picha. Bandika utepe wa karatasi wenye alama: "kulia juu", "bawaba", "komeo".

Raba iliyogundishwa usiivute. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi uone joto mkononi lakini haliunguzi, kisha pitisha chini yake kijiti cha plastiki au kijiko cha mbao kilichochongwa bapa. Bisibisi itakwaruza rangi, na pale ulipokwaruza ndipo kutu itakapozaliwa. Nenda sentimita tano tano. Gundi ikikataa, rudisha joto, usiongeze nguvu.

Kuosha

Beseni la maji ya vuguvugu, sabuni laini ya vyombo kidogo, sponji na mswaki wa zamani wenye nywele laini. Hayo yanatosha kwa kazi karibu yote. Loweka robo saa uchafu ulainike. Osha mdomo, osha mfereji, osha na upande wa nyuma ambao hauonekani, kwani mchanga uliojificha huko ndio unaosaga rangi kila mlango unapofungwa. Maji yatakuwa meusi. Mwaga, weka mengine, rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke na weusi hafifu tu. Hakitatoka cheupe kabisa, maana weusi wa raba ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa humo tangu kiwandani.

Gundi kuukuu iliyobaki mgongoni isugue kwa kidole gumba raba ikiwa kavu na ya moto kidogo. Hujiviringa na kutoka kama ufutio. Ikigoma, kitambaa chenye spiriti ya isopropili, haraka haraka, kisha suuza. Rangi iliyorukia raba wakati gari lilipopulizwa huondoka ukiikunja raba hadi rangi ipasuke, halafu unaikwangua kwa ukucha au plastiki. Thina itaondoa rangi, na itaondoka na raba pia.

Ule weupe kama majivu unaweza kuwa vumbi, lakini mara nyingi ni nta. Watengenezaji huichanganya ndani makusudi ili ipande juu taratibu na kuikinga raba na ozoni. Ifute kwa kitambaa chenye maji ukitaka weusi, ila ikirudi baada ya miezi usiivamie kwa brashi kila wiki. Inafanya kazi iliyotumwa.

Mahali ambapo ngozi ya juu imekuwa ngumu na ya ungaunga, msasa wa maji namba 400 unaisaidia. Pitisha kwa mkono mwepesi, raba ikiwa imelowa, mpaka ufike kwenye weusi ulio hai. Usifanye hivyo kwenye raba za sponji. Zile zina ngozi nyembamba ya kuzuia maji, na ukiitoboa zitakunywa maji mpaka bati lioze.

Kausha kivulini, imelala bapa au imezungushwa duara kubwa. Ukiitundika kwenye msumari itachukua umbo la msumari.

Kulainisha

Hapa kuna ahadi nyingi za uongo, kwa hiyo niseme wazi. Raba iliyokakamaa kwa umri hairudi kuwa mpya. Unachoweza ni kuipa ulaini wa kutosha ifuate mlango tena, na kuichelewesha isizeeke zaidi.

Kwa raba ngumu kiasi, maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia kwa sekunde chache tu. Izamishe dakika kumi na tano hadi ishirini, itoe, ikande kwa vidole kama unavyokanda msuli uliokaza, izamishe tena. Midomo iliyolala hunyanyuka. Kisha ikaushe na uipake glisirini ukiiacha usiku kucha, asubuhi ufute iliyobaki. Mimi hurudia mara tatu kwa siku tatu. Glisirini haina ubaya na raba yoyote kati ya nilizotaja, na ukikosea unaosha kwa maji. Udhaifu wake ni huohuo, kwamba mvua huiondoa.

Silikoni hudumu zaidi, iwe mafuta au grisi yake, na haivimbishi mpira wa asili wala EPDM. Lakini ina masharti mawili. Kwanza, ipake baada ya kugundisha, kamwe si kabla, maana gundi haishiki juu yake. Pili, kama gari litapakwa rangi, silikoni isikaribie kabisa hadi rangi ikauke. Chembe kidogo tu ikishika bati, rangi itajitenga na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Ndiyo sababu siipulizi hata siku moja. Naitia kwenye kitambaa, nje, mbali na chumba cha rangi.

Mafuta ya wintagrini, yale yenye harufu ya dawa ya kuchua misuli, nimeyatumia pia. Changanya sehemu 1 ya mafuta na sehemu 3 za spiriti ya isopropili, upake, na raba iliyokakamaa hulainika kweli. Inalainika kwa sababu inavimba, kwa hiyo pima urefu kabla na baada, na anza na kipande cha majaribio. Ulaini huo hupungua kadiri muda unavyopita. Nayakubali kwa vipande vidogo visivyopatikana, kama raba za vile vioo vidogo vya pembetatu mbele ya mlango. Kwa raba ndefu ya mlango, siyapendi. Vaa glavu, fungua madirisha, na chupa ifungiwe mbali na watoto, maana kiasi kidogo kikimezwa ni sumu kali.

Jeli ya mafuta ya kujipaka mwilini, ambayo wengi huitumia, imetokana na mafuta ghafi, yaleyale yanayotoa petroli. Kwa mwezi wa kwanza raba itapendeza, baadaye itakuwa tepetepe. Oili ya injini, dizeli na mafuta ya taa ni hadithi ileile.

Raba yenye uwazi katikati kama bomba, iliyobanwa hadi ikawa bapa, ina dawa nzuri kuliko zote hizi: ipitishie ndani mpira mwembamba wa silikoni. Loanisha mpira huo kwa maji ya sabuni, uusukume taratibu kutoka ncha moja. Raba hunyanyuka papo hapo. Chagua kipenyo kidogo kuliko uwazi wa asili, la sivyo mlango hautafunga.

Kuziba nyufa na kuunga

Mchaniko safi wa EPDM au neoprini unaungwa kwa supaglu. Safisha pande zote mbili kwa spiriti, tone dogo, bana sekunde thelathini. Gundi nyingi hukauka kuwa mfupa mgumu utakaopasuka, hivyo tone liwe dogo kweli. Pale ambapo kipande kimekosekana, nakata kiraka kutoka raba nyingine iliyokufa, nakwaruza nyuso zote kwa msasa, napaka gundi ya viatu pande zote mbili, nasubiri hadi isishike kidole, ndipo nakutanisha. Nyufa ndogo za juu ziache. Kuzijaza gundi kunaifanya raba iwe ngumu mahali inapohitaji kukunjika zaidi.

Bati chini ya raba

Usiku ule nilipotoa raba ya mlango wa kulia nilimulika tochi kwenye mfereji nikakuta kutu urefu wa kiganja, kimya kabisa, chini ya raba iliyoonekana nzima. Maji yaliyokuwa yakipenya hapo yalikuwa yanashuka sakafuni, na kwenye Beetle betri imekaa chini ya siti ya nyuma, juu ya sakafu hiyohiyo. Raba nzuri juu ya bati bovu inafungia unyevu ndani. Kwangura gundi yote ya zamani, ondoa kutu hadi bati ling'ae, paka dawa ya kutu, praima, kisha rangi, na uiache ikomae kwa siku ambazo mtengenezaji wa rangi ameandika. Nyoosha pia ukingo uliopinda. Raba haiwezi kuziba bonde la milimita tano.

Kuirudisha

Ipange kwanza bila gundi. Anza na kona, kisha sehemu zilizonyooka, na usiivute hata kidogo. Raba iliyovutwa itarudi kwenye urefu wake na kuacha pengo kwenye maungio. Mimi huisukuma kidogo iwe na ziada ndogo, na maungio nayaweka chini. Ikikaa, inyanyue kipande kwa kipande na utie gundi nyembamba pande zote mbili. Funga mlango usiku kucha ili ikae, lakini weka kipande cha karatasi ya nta kati ya raba na mlango ili gundi iliyochuruzika isivishikanishe.

Raba ya kioo cha mbele ni kazi ya watu wawili. Kama ya zamani imekuwa ubao, ikate kwa kisu na uokoe kioo, usijaribu kuokoa vyote. Raba hupatikana upya, kioo huenda kisipatikane. Kurudisha, ivalishe raba kwenye kioo kwanza, pamoja na ule urembo wa alumini kama gari linao, maana ukishafunga kioo hautaingia tena. Tia kamba laini ya unene wa milimita 4 kwenye mfereji unaokaa juu ya bati, ncha zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni kwa ukarimu. Mmoja akandamize kwa viganja kutoka nje, mwingine ndani avute kamba kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa raba utaruka juu ya bati kidogo kidogo. Msipige ngumi. Kioo hupasukia kwenye kona, kikisukumwa pale ambapo mdomo bado haujaruka.

Na ule mpira unaozunguka injini ya Beetle, ambao wengi huutupa wakiona umechakaa: injini ile hupozwa kwa hewa. Mpira huo hutenganisha hewa baridi ya juu, inayovutwa na feni, na hewa ya moto ya chini iliyokwisha kupita kwenye silinda na mabomba ya moshi. Ukikosekana, feni inavuta moto ilioutoa yenyewe. Basi huo uoshe kama zingine, lakini ukiwa na mwanya popote, badilisha bila huruma. Kukaa karibu na oili huuchosha mapema.

Kuhakiki

Kata karatasi yenye upana wa vidole viwili. Iweke kwenye raba, funga mlango, vuta. Inatakiwa itoke kwa kubanwa. Sogea sentimita kumi, rudia, mpaka uzunguke mlango wote. Panapotoka bure, weka alama. Halafu paka chaki kwenye mdomo wa raba, funga na ufungue: mstari wa chaki kwenye mlango ukikatika, hapo ndipo hapagusi. Mara nyingi kosa si la raba, ni bawaba au komeo linalohitaji kusogezwa milimita mbili.

Maji yawe ya mwisho. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie kwa mpira wa bustani bila presha. Anzeni chini kabisa, dakika mbili kila sehemu, mkipanda. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi.

Baada ya hapo kitambaa chenye silikoni mara mbili kwa mwaka kinatosha. Vipande vilivyobaki usivitupe. Mimi navitia kwenye bahasha nyeusi pamoja na poda ya talki, nikiandika juu yake gari, mlango na tarehe. Siku nitakapopata dawa mpya ya raba, itajaribiwa kwenye bahasha hiyo kwanza, wiki nzima, ndipo iguse mlango.